Vidole Juu ya Shuka

Skana yangu ni ya mtumba na ni mvivu. Ukiiwekea kipande cha negativu inaguna, inatulia kana kwamba inafikiria kama kazi yenyewe ina maana, halafu picha inaanza kuteremka kwenye kioo cha kompyuta mstari kwa mstari, kuanzia juu. Ndiyo maana vidole vilitangulia. Kabla sijaona kofia ya mtu wala paji la uso, kabla hata sijajua kama aliyekaa kwenye kigoda ni mwanamume au mwanamke, niliona vidole upande wa kushoto na vidole upande wa kulia, vimeng'ang'ania ukingo wa shuka. Picha ya kwanza nilivipita. Picha ya pili nikacheka. Jioni ilipofika nilikuwa sicheki tena, maana nilikuwa nimeshajua ni vya nani.

Nina steshenari mjini Babati. Niliifungua baada ya Manyara kukatwa kutoka Arusha na Babati kuwa makao makuu ya mkoa, watu walipoanza kudaiwa fotokopi ya kila kitu, hadi fotokopi ya fotokopi. Picha za paspoti napiga kwa kamera ya dijitali. Mteja anakaa mbele ya kitambaa cha buluu nilichokigongomea ukutani kwa misumari, basi, amemaliza. Kitambaa changu hakishikwi na mtu. Cha Baba kilishikwa na Mama.

Baba alikuwa mpiga picha wa kutembea. Kwao ni Masakta, Mmbulu mkulima kama majirani zake, ila yeye alipata kamera ya Kirusi, ya chuma tupu, nzito kama jiwe la kusagia na isiyojua betri. Kila kitu unafanya mwenyewe: unavuta mkanda kwa kidole gumba, unazungusha lenzi mpaka sura itulie, unakadiria mwanga. Baba aliukadiria kwa kutazama kivuli chake miguuni. Alizunguka minadani, na akipata lifti alifika hospitali ya Haydom, kwa sababu pale mabasi hushusha wagonjwa na ndugu zao kutoka kila upande. Mtu aliyepona hupenda kupigwa picha. Asiye na hakika ya kupona hupenda zaidi.

Mama alitoka kwa Wabarabaigi wa upande wa Gendabi, watu wa ng'ombe. Alivaa bangili za shaba kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, na kuzunguka macho yake alikuwa na chale za duara, kama walivyochanjwa wasichana wengi wa kwao. Hayo niliambiwa. Baba alimchukua kazini, yeye akibeba kamera na Mama akibeba shuka. Mteja akishakaa, Mama anasimama nyuma yake, anatanua mikono, anainua shuka juu ya kichwa chake ili ukuta mbovu, mbuzi na watazamaji wasiingie kwenye picha. Baba anachungulia, kisha anatoa amri moja tu: “Pandisha.” Shuka linapanda. “Pandisha kidogo.” Linapanda tena.

Ili kuokoa mkanda Baba aliwapiga wateja wawili pamoja, bega kwa bega, hata kama hawakusalimiana, halafu picha ikishatoka anawatenganisha kwa mkasi. Mkasi huo huo ulivikata vidole vya Mama. Kwa hiyo Mama alikuwamo katika kila picha aliyopiga Baba, na hakuwamo katika hata moja iliyofika kwa mwenyewe.

Alifariki mimi bado nabebwa mgongoni. Picha yake haipo. Mfinyanzi hulia gaeni, na mke wa mpiga picha alizikwa bila kuacha sura. Bibi aliyenilea alisema nimefanana na Baba kama shilingi kwa ya pili, hivyo hata kioo hakikunisaidia. Wajomba zangu walihama na ng'ombe wao kuelekea kusini malisho yalipobana, na hakuna aliyejua walikoishia. Mtu mmoja tu duniani aliikumbuka sura ile, naye ni Baba, mtu wa maneno machache kama sanduku lililofungwa.

Nisingemsumbua, kama si macho yake. Yalianza kwa picha kutoka zimefifia. Baba aliilaumu lenzi, akailaumu dawa ya kusafishia, akawalaumu wateja kwamba siku hizi hawatulii. Daktari alipompima alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitapungua polepole. Baba akanikabidhi kamera siku hiyo hiyo, kama mtu anayerudisha jembe la kuazima. Nami nikajua kwamba kama Mama yumo mahali fulani kwenye zile negativu, miongoni mwa wanawake wote waliowahi kukaa kwenye kile kigoda, ni lazima Baba anionyeshe kwa kidole, aseme huyu hapa, kabla macho hayajazima. Vinginevyo ningeweza kumtazama Mama usoni na kumpita.

Nilikwenda kuomba debe la negativu. Lilikuwa darini, juu ya mahindi.

“Za nini?” Baba akauliza.

“Nataka kuziskani.”

“Utaamsha watu.”

“Mimi namtafuta mmoja tu, Baba.”

Akanielekeza ngazi ilipo. Nilielewa kwa nini anasema vile. Zile negativu zina historia yake.

Soko huria lilipotufikia lilikuja na mitumba, redio za Kichina na picha za rangi. Katesh wakafungua studio. Mikanda ikawa inapelekwa Arusha kwa basi na kurudi imekuwa picha zinazong'aa. Mtu aliyejiona mara moja na shati lake jekundu hakutaka tena kuwa mweusi na mweupe. Baba akabaki na debe zima la negativu zisizo na mwenyewe. Mwaka huo ndege aina ya kwelea walituvamia kwenye mtama, na Baba, ambaye hajawahi kutupa hata kizibo, akatandaza kamba za katani kutoka nguzo hadi nguzo na kuzitundika negativu zake shamba zima.

Mimi ndiye niliyeketishwa pembeni mwa shamba kulinda. Kwenye negativu kila mtu ni mzuka: meno meusi, mboni nyeupe, mtoto ana mvi. Upepo wa Mlima Hanang ulipoteremka, vipande vyote vilitikisika pamoja kwa sauti kavu, kama watu wanaonong'ona nyuma ya mlango, na jua likavipiga vikamemeta. Niliogopa sana. Nilikaa nimeipa mgongo ile mitama, halafu nikaona bora niitazame kuliko kuipa mgongo. Ndege walikuja kama wingu, wakazunguka juu yetu, wakaenda kwa jirani.

Siku chache baadaye akaja mama mmoja mzee, jirani yetu, aliyekuwa amemzika mumewe masika yaliyopita.

“Shikamoo, mama,” Baba akasema.

“Marahaba. Mume wangu yuko wapi?”

Yule mama akaingia moja kwa moja kwenye mtama, akashika kipande kimoja, akakiinua kwenye jua.

“Huyu hapa. Umemtundika akuwingie ndege? Alipokuwa hai hata kuku hakuwinga, yule!”

“Ni negativu tu, mama. Picha yenyewe unayo.”

“Ninayo. Kule ukutani amekaa kwenye kiti, amevaa koti. Hapa kwako macho meupe na anapigwa upepo. Mshushe.”

Habari ikaenea. Watu wakaanza kuja na kusimama mpakani, wakitafuta wa kwao kwa macho. Mzee mmoja alivua kofia akalisalimia shamba. Baba akazitungua zote, akazirudisha kwenye debe, na tangu hapo hakuzigusa. Jambo la ajabu ni kwamba msimu uliofuata, pasipo hata kipande kimoja kwenye kamba, ndege hawakutua kwetu. Walitua kulia, wakatua kushoto. Watu walisema sana. Mimi ni mtu wa steshenari, siamini mambo ya hovyo, lakini maelezo sina.

Basi kila Jumapili mchana, nikitoka kanisani, nilifunga mlango wa duka, nikateremsha pazia na kukaa na debe. Kila kipande nilikifuta kwa kitambaa laini. Vingine vilikuwa na mikwaruzo ya majani ya mtama, vingine na kinyesi cha ndege, vyote vina tundu mwishoni palipopita kamba. Skana ikaguna, vidole vikatokea. Halafu bangili. Halafu mteja, ametoa macho kama mtu anayesubiri kudungwa sindano.

Nilianza kumjua Mama kwa vipande. Kucha zake zilikuwa fupi. Kidole kidogo cha kushoto hakikukunjwa na vingine, kilisimama peke yake juu ya ukingo. Mteja alipopigwa wima, chini ya shuka ilionekana miguu yake, mara na kandambili za tairi, mara mitupu. Mkanda ukikaribia kwisha mikono ilikuwa imeshuka. Nilimsikia Baba kabisa akisema pandisha, na picha inayofuata ilikuwa juu tena. Jua lilipokuwa nyuma yake, kivuli chake kilipenya shuka, kikasimama nyuma ya mteja, kichwa, shingo, mabega, pasipo uso. Wateja hawakujua. Walikaa wametulia, wamepaka mafuta, na yule nyuma yao amewatanulia mikono.

Kulikuwa na picha ambazo hazikuwa na mteja hata mmoja. Kila mkanda ulianza na moja: kigoda kitupu, shuka, vidole, miguu. Nilijua Baba alikuwa anasogeza mkanda ili afikie sehemu isiyoungua na jua, mpiga picha yeyote hufanya hivyo. Lakini wengine huelekeza kamera ardhini. Nilizitazama zile picha mpaka nikaona bora niwashe redio.

Kisha ikaja ile iliyonifanya nizime mashine. Mwanamume wa makamo amekaa, amevaa tai. Nyuma yake, usawa wa bega lake, shuka limetuna. Nilidhani ni upepo. Picha iliyofuata limetuna pale pale, na iliyofuata pia, na katika mkanda wa baadaye limetuna zaidi. Ilikuwa mimba. Huyo nilikuwa mimi. Tulikuwa wawili nyuma ya lile shuka, na Baba akatulenga sote pamoja, akamwona mwenye tai.

Nililia, nisiseme uongo. Nilimkasirikia Baba kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Wanawake wa minada yote ya Hanang na Mbulu, wenye mitandio ya kuazima, wamo kwenye debe wamenikodolea macho, na mkewe mwenyewe Baba hakuona hata mara moja sababu ya kumwambia akae.

Dukani nikaharibika. Mteja akikaa mbele ya kitambaa changu cha buluu, macho yangu yanapanda kwenye ukingo wa juu. Mwalimu mmoja aliniuliza, “Unaangalia nini huko juu, dada?” Nikamwambia ana utando wa buibui kichwani. Alijipangusa mpaka picha ikatoka amekunja uso.

Nilimpata Mama karibu na chini ya debe. Mteja ni mzee mwenye koti kubwa, na upepo umempokonya kofia. Ameinua mkono kuidaka huku anacheka. Baba amebonyeza katika sekunde hiyo hiyo. Upepo ule ule umelidondosha shuka upande mmoja, limelala begani kwa mzee, na nyuma yake amesimama mwanamke mwenye bangili hadi kiwiko, mkono mmoja bado uko juu na kidole kidogo kimesimama peke yake. Ana uso. Anatazama kamera.

Ila lenzi ilikuwa imelengwa kwa mzee. Unaweza kuhesabu ndevu zake. Nyuma yake, hatua moja tu, kila kitu ni ukungu, na Mama alikuwa amegeuka ghafla kuliwahi shuka, kwa hiyo ukungu wenyewe umetikisika. Niliiskani tena kwa ukubwa wote ambao mashine iliweza. Nilipovuta karibu, sikupata sura, nilipata chengachenga, kama unga uliomwagika. Kitu kimoja tu kilibaki: maduara mawili meusi ya zile chale, na ndani yake giza linalonitazama. Zilinifuata nilipohamia upande wa pili wa chumba. Nilizima kioo, nikakaa, nikakiwasha tena. Zilikuwa pale pale.

Hata hivyo niliitoa kwenye karatasi nzuri, kubwa, nikaiweka kwenye bahasha pamoja na kamera ya Baba, ambayo niliiwekea mkanda niliobahatika kuupata Arusha. Niliwaza: yeye amemwona yule mtu kwa miaka. Labda macho yaliyobaki yatatosha kujaza pale panapokosekana, aniambie pua iko hivi, mdomo uko hivi. Nilishuka kwenye basi, nikachukua bodaboda hadi Masakta nikiwa nimekumbatia bahasha kama mtu aliyebeba mayai.

Baba alikuwa amekaa nje, ameegemea ukuta, jua la asubuhi likimpiga usoni.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo pikipiki iliyokuleta mnyororo wake umelegea, mwambie.”

“Nimempata.”

Hakuuliza nani. Alinyoosha mikono yote miwili. Nikamwekea picha mikononi, nikavuta kigoda na kukaa mbele yake. Akaiinua juu kwenye mwanga, akiishika pembe za juu kwa mikono miwili, kama alivyozoea kukagua negativu. Picha ikafunika uso wake wote.

Mzee wa kofia alikuwa ananitazama mimi. Mama alikuwa ananitazama mimi. Upande uliomwelekea Baba ulikuwa mgongo wa karatasi, mweupe, hauna kitu.

Nilifungua mdomo nimwambie ameigeuza.

“Ndiye,” Baba akasema.

Nikafunga mdomo.

“Ndiye huyu. Jamani. Alikuwa na mwanya, hapa. Akicheka anauziba kwa ulimi, anaona aibu. Pua yake ya kwao, nyembamba. Huku kwenye kidevu alianguka utotoni, kuna alama.” Alikuwa ameachia mkono mmoja na kidole chake kilitembea juu ya karatasi nyeupe. Jua lilikuwa kali, na kwa upande wangu nilikiona kidole kikiisukuma karatasi na kupita nyuma ya picha, polepole. Kilimwacha mzee wa kofia. Kilifika kwenye duara la kwanza la chale, kikalizunguka. Kikahamia la pili, kikalizunguka nalo, sawasawa, wala hakikutoka nje ya mstari. “Na hizi. Nilikuwa namtania kwamba amevaa miwani. Unamwona?”

Nilitazama pale kidole kilipopita, kwenye ule unga uliomwagika, nikatafuta mwanya, nikatafuta kidevu.

“Namwona, Baba.”

Alishusha pumzi. Mkono ulirudi kwenye pembe ya karatasi.

“Macho yameisha lini?” nikauliza.

Alijibu akiwa bado nyuma ya picha. “Tangu mavuno.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungeacha kumtafuta.”

Kuku walikuwa wanapekua chini ya ukuta. Hasira niliyokuja nayo kutoka Babati niliitafuta, nikaikosa.

“Picha ya kwanza ya kila mkanda,” nikasema hatimaye, “ulikuwa unapiga shuka tupu.”

“Halikuwa tupu,” Baba akasema. “Nilikuwa nampiga yeye. Nilijua yupo pale. Mtu uko naye asubuhi na jioni, utawaza kwamba unahitaji sura yake? Mimi nilimwambia pandisha. Miaka yote, pandisha, pandisha. Neno jingine halikunijia.”

Nilipangusa uso. Nikaitoa kamera kwenye bahasha, nikavuta mkanda kwa kidole gumba. Ule mlio anaujua hata usingizini.

“Unapiga nini?”

“Nakupiga wewe.”

Na Baba, kwa mazoea ya kazi, akakaa wima na kuiinua picha juu zaidi. Kwenye kioo cha kamera niliona karatasi, na juu yake vidole vya kulia na vidole vya kushoto vimeushika ukingo, na nyuma yake mtu asiyeonekana, anayengoja amri. Mkono wangu ulikuwa kwenye lenzi. Ningeweza kulenga karatasi.

“Baba,” nikamwambia, “shusha.”

Akashusha, nami nikazungusha lenzi mpaka uso wake ukatulia.